Hatua Ishirini kwa Msimu

Soya ilivunwa Jumamosi, na Jumatatu saa mbili asubuhi Casilda Lalecorí alikuwa keshaingia shambani, hedifoni masikioni, mkononi mashine ya kugundua metali, kiunoni chupa ya tereré, chai baridi ya majani machungu. Trekta ingerudi kulima baada ya siku nane. Katika siku hizo mwenye shamba aliwaruhusu wasaka vimondo, kwa sababu ardhi ya tambarare za Chaco imejaa chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, nacho kilimvunjia majembe ya plau.

Casilda alitaka kimondo kimoja tu, cha ukubwa wa ngumi. Ukoo wao humzika mtu na kipande cha chuma cha mbinguni chini ya kidevu, asije akapeperuka. Baba yake alizikwa hapo shambani na cha kwake, mama yake mwaka uliofuata, kabla ukoo haujahamishwa kwa nguvu, misalaba ikang'olewa na makaburi yakalimwa. Sasa ofisi ya ardhi mjini ilikuwa imesema: thibitisheni kwamba palikuwa na makaburi, mtarudishiwa eneo lenu. Mkishindwa, mwisho wa mwezi jalada linafungwa.

Kwa misimu miwili alikuwa amezunguka kisiki cha mti ambao wazazi wake walizikwa chini yake, akapata bolti na makopo. Jumatano miguu ilikataa kutulia. Akakiacha kisiki, akaelekea upande wa uzio wa seng'enge, na karibu na uzio mashine ikalia.

"Unanikanyaga goti," baba yake alisema kwenye hedifoni.

Casilda akasogea.

"Baba, mimi nakutafuta kule kwenye kisiki!"

"Kwenye kisiki nifanye nini? Plau inavuta chuma hatua ishirini kila msimu, na mimi nakifuata. Nikikiacha si nitapeperuka? Mara mbili nimekuita, umeshapita. Hutulii wewe, kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Na mama?"

"Yuko nyuma. Si unamjua mama yako? Afunge mlango, arudi kuutikisa, ndiyo aanze safari."

Nyapara Ibarrola alipita na pikipiki, akapunguza mwendo.

"Bolti nyingine, dada?"

"Nimempata baba."

"Haya. Ukimaliza fukia shimo, trekta isije ikazama."

Casilda alichimba. Mifupa ilikuwa imeshasagika, lakini chuma kilikuwa kizima, kina uvuguvugu kama yai. Alikifunga kwenye kitambaa, akakitia mfukoni, na Alhamisi akapanda basi la kwanza kwenda mjini.

Karani wa ofisi ya ardhi, Bi Nélida, alisogeza kikombe chake ili chuma kipate nafasi mezani. Casilda akashikilia mashine juu yake. Bi Nélida akavaa hedifoni, akaandika kwa dakika arobaini. Baba alitaja watu ishirini na sita waliozikwa pale, kila mmoja na ugonjwa wake, na mara moja alimkatiza karani kumweleza jinsi Lalecorí inavyoandikwa.

"Baba yako anajieleza vizuri," Bi Nélida alisema. "Tatizo ni dogo. Fomu inataka kaburi liwe ardhini, ndani ya eneo linalodaiwa. Huyu yuko mezani kwangu."

"Nimemtoa jana tu!"

"Ndiyo, mama. Ungemwacha."

"Basi nimrudishe."

"Hayo yatakuwa mazishi mapya. Kibali cha kuzika atakupa mwenye shamba."

Casilda alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Hebu kaa, unanitia kizunguzungu," alisema Bi Nélida. Akagusa hedifoni. "Na yeye anasema ukae."

"Mama yangu bado yuko ardhini."

"Hapo sawa! Huyo usimguse kabisa. Mkaguzi atamsikiliza palepale alipo. Jalada nitaliacha wazi, nakuweka kwenye foleni." Akapekua kurasa za daftari. "Miaka mitatu. Kama mkaguzi hataugua."

Ijumaa adhuhuri Casilda alimpata mama yake. Kabla ya kusema naye alipima kwa miguu kutoka pale hadi kwenye uzio, akarudi akapima tena. Hatua arobaini. Huko kulilimwa mara moja kwa mwaka, na nje ya uzio ilikuwa barabara, si eneo lao tena.

"Ni wewe, Casi? Unavyokanyaga, umekonda. Unakula?"

"Nakula, mama. Sikiliza. Jaribu usisogee. Miaka mitatu tu."

Udongo ulikwaruza kwenye hedifoni, kama mtu anayepapasa gizani.

"Nijishikize wapi, mwanangu? Mizizi yote waling'oa."

Casilda alimwachia hedifoni chini, juu ya udongo, pamoja na chuma cha baba, kwa muda, ili wazungumze. Walibishana kuhusu mlango.

Jumanne trekta iliingia. Ibarrola, aliyekuwa kwenye usukani, alimpungia mkono. Casilda alisimama barabarani, nje ya seng'enge, baba yake mfukoni, mashine imewashwa. Kisha akaanza kutembea kufuata uzio, kwenda na kurudi, akitega sikio asimpite mama.