Ngoma Iliyoguswa Njiani

Wenzake Mabula wa kundi la Wagika walikwisha kutangulia Kiloleli na lori la mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale watu binafsi walioingia serikali ilipolegeza kamba ya biashara hiyo, kila mmoja akimbembeleza mkulima kwa mbinu zake. Huyu aliahidi dume la ng'ombe kwa kundi la ngoma litakaloshinda. Yeye alibaki Mwamapalala peke yake, maana ngoma yao kuu ilipaswa kulala na dawa kabla ya mashindano. Jogoo wa kwanza alipowika, aliiviringishia gunia, akaifunga kwenye keria ya baiskeli, akaanza kukanyaga.

Sharti lilikuwa moja, na kiongozi wao Januarius alilitoa bila kutabasamu.

"Mkono wa Mgalu usiiguse. Ukiigusa, dawa imekufa, na wewe hutapiga tena ngoma yetu."

Wagika na Wagalu ni mahasimu wa ngoma tangu enzi za mababu. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wakihamia kwa mwenzako, umekwisha. Wagika wa Mwamapalala walikuwa wamekwisha miaka mitatu mfululizo. Na Mabula, jamani, hakuwa na kingine cha kujivunia zaidi ya ile ngoma. Shambani alikuwa wa kawaida, na kwa kuimba, afadhali chura.

Alipofika Dutwa mwiba ukatoboa tairi, na gundi yake ya kuzibia ilikuwa imekauka. Alikuwa akiutukana mwiba kwa Kisukuma wapanda baiskeli wawili walipomfikia, mwanamume na mwanamke.

"Mwangaluka, baba," mwanamke alisalimia.

"Mwangaluka, mayu."

Walikuwa Mboje na dada yake Benedikta, wenyeji wa Mwamanyili, nao wanaelekea Kiloleli kutoka Bariadi. Mboje akaziba pancha. Benedikta akafungua kifurushi cha viazi vikavu vilivyochemshwa, wakala wote watatu kutoka bakuli moja. Kisha Mboje akalipapasa tairi, akasema kiraka hakitaweza mzigo, akaubeba mzigo wa gunia na kuufunga kwenye keria yake. Mabula hakuwauliza ni wa upande gani. Raha ya kupata wenzi barabarani ilimlevya.

Wakaenda wakitaniana, kilima kwa kilima. Lamadi ilipoanza kuonekana, Benedikta akaanza kuimba, na Mabula akakamata breki. Wimbo ule aliujua. Ndio uliowanyang'anya Wagika watazamaji mwaka jana.

"Ninyi ni Wagalu!"

Mboje akageuka kulitazama gunia. "Kumbe humu mna nini?"

"Ngoma yetu. Umeshaiua."

Benedikta akajishika kichwa. "Na sisi je? Mganga alituambia tusile na Mgika mpaka tumalize kucheza!"

Walitazamana, watatu, na dawa zao mbili zilizokufa. Mboje ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea baiskeli.

"Basi leo tutajua nani anajua kucheza. Twende, jua halitusubiri."

Uwanjani Kiloleli, Mabula alimficha Januarius yaliyotokea njiani, akiona aibu na woga kwa pamoja. Benedikta alipopaza sauti, watu walimiminika kwake. Januarius akauma midomo. Miaka yote Mabula alipiga huku akingoja dawa ifanye kazi yake. Leo hapakuwa na cha kungoja. Akapiga kwa nguvu za mtu asiye na msaada mwingine, akabadili mdundo, akauvunja, akaurudisha, na wachezaji wake wakaruka kuliko walivyowahi kuruka. Watu kumi wakahama. Kisha hamsini. Kisha vumbi likafunika kila kitu, na lilipotulia, upande wa Wagalu walibaki Wagalu wenyewe.

"Umeona dawa!" Januarius alipiga kelele, akimkumbatia.

"Dawa ilikufa Dutwa," Mabula alijibu, mbele ya watu wote. "Ngoma imebebwa na Mgalu, yule pale. Hii ni mikono yangu."

Januarius alimwachia, akageuka kumtazama Mboje. Nani sasa angemnyima Mabula ngoma? Uwanja mzima ulikuwa unaliimba jina la Mabula, na aliyeongoza wimbo alikuwa Benedikta.