Mkorosho Uliotekwa Lizaboni

Mwanaheri alikuwa ameinama, ameukamata mkangazi karibu na udongo tayari kuung'oa, sauti ikamfikia kutoka ng'ambo ya barabara.

"Wewe Myao! Toa mkono huo!"

Hakuhitaji kugeuka. Katika mtaa wote wa Lizaboni, mjini Songea, wa kumwita hivyo asubuhi asubuhi, kabla hata ya salamu, alikuwa mmoja tu: Kunegunda, yule mjane wa Kingoni auzaye togwa barazani kwake.

"Napunguzia miche," Mwanaheri akajibu. "Kwani nyie kwenu hampunguzii?"

"Unapunguzia mti wa mtaa?"

Kunegunda akavuka na kata yake mkononi, akachungulia. Mle shimoni mlikuwa na miti miwili. Mmoja mkangazi, mti wa mbao, mwembamba kama ufito, majani yake machache yanatetemeka hata pasipo upepo. Wa pili mkorosho, majani mapana, ncha nyekundu, umesimama kifua mbele kama bwana harusi.

"Mtani wangu," Kunegunda akasema polepole, "huyu mgeni kaingiaje?"

Aliingia hivi. Mvua zilipoanza, mtaa ulipanda mikangazi kandokando ya barabara, na kila nyumba ikakabidhiwa mti wa mbele yake. Kwa Twaha, kazi ya kuutunza akapewa mama yake, Mwanaheri, aliyekuwa ametoka Nalasi, wilayani Tunduru, siku za karibuni baada ya kumaliza eda ya mumewe, Daimu. Alikuja na begi moja, na kwenye pindo la kanga amefunga mbegu ya korosho. Mbegu hiyo ilitoka kwenye mkorosho ambao Daimu aliupanda mlangoni mwaka waliooana. Mkorosho wenyewe haukuwepo tena. Shemeji aliyerithi kiwanja kile aliukata apate kujenga.

Sasa kwao Tunduru shimo halitiwi mbegu moja. Unatia kadhaa, zikiota unauacha mche wenye nguvu, dhaifu unaung'oa. Mwanaheri alipoliona shimo la mtaa, pana, limeshiba samadi, halafu limewekewa kijiti kimoja, moyo ulimuuma kwa israfu ile. Akaifukia mbegu yake pembeni. Na sasa dhaifu alikuwa ameshajulikana.

"Ngoja Egidi aje," Kunegunda akasema.

Egidi, mwenyekiti wa mtaa, hakukawia. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, lakini mbele ya wamama hawa alivua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinitazame hivyo, sijaiba."

"Hujaiba, mama. Umeongeza." Akachuchumaa, akaligusa jani la mkorosho kwa kidole. "Mzuri kweli. Lakini wewe unaujua kuliko mimi. Ukikua unainama, mikono inafika chini. Hapa bodaboda, hapa malori ya mahindi. Watakuja watu na mapanga, wataukata kila mwaka, utabaki kigutu."

Ni kweli mkorosho hulala. Wa Daimu ulikuwa ukilala mpaka mbuzi wakipanda juu bila kuruka.

"Na migomba ya Hassani kule konani niliing'oa mwenyewe," Egidi akaendelea. "Nikiuacha huu wako, Hassani nitamwambia nini? Jumamosi ya usafi tunapita mti kwa mti. Nakuomba uuhamishe kabla. Sitaki mkono wangu uuguse."

"Nauhamishia wapi, Egidi?"

Egidi akatazama uwani kwa Twaha. Kulikuwa kumesakafiwa saruji, ukuta hadi ukuta. Akavaa kofia yake, akaondoka.

Siku zile Mwanaheri hakula sawasawa. Mkwewe, Shamimu, alileta chai ikapoa. Twaha akashauri mkorosho utiwe ndoo kuukuu.

"Ndoo!" mama yake akashtuka. "Mkorosho unashusha mzizi mmoja kama msumari, baba. Ukiutia ndoo umeutia kaburini."

"Basi tufanyeje, mama?"

Aliloliona Mwanaheri ni kwamba huu ukifa, Daimu naye atakuwa amekufa mara nyingine, na safari hii hakuna hata mbegu ya kufunga kwenye pindo.

Jumamosi ikafika. Watu wakatoka na mafagio na mafyekeo, Egidi akawa anapita mti kwa mti. Mwanaheri akaketi kizingitini, kanga ameivuta hadi puani. Alishaamua hatautazama ukitolewa.

Ghafla vigelegele. Kunegunda huyo, anavuka barabara, jembe begani, kichwa amefunga kanga kama mtu wa vita.

"Leo nateka! Wayao wamesahau kufunga mlango!"

Mtaa ukaangua kicheko. Utani wa Wangoni na Wayao si wa jana, na sheria yake inajulikana: mtani akichukua kitu chako mchana kweupe, hata awe mbuzi, huruhusiwi kukasirika. Unachoruhusiwa ni kukomboa.

"Mwenyekiti," Kunegunda akamgeukia Egidi, "huu mkorosho ni mateka wangu. Una neno?"

Egidi akajikuna shingo. "Ya watani mimi siyaingilii."

Kunegunda akatema mate viganjani, akainua jembe, akalishusha ti! karibu kabisa na shina.

Mwanaheri alikuwa barabarani kabla jembe halijainuka tena. "Hapo sipo! Utaukata mzizi! We mwanamke, umewahi kulima kweli, au ulizaliwa ndani ya mtungi wa togwa?"

"Mateka hawasemi."

"Lete jembe!"

"Sikupi."

"Lete, nakwambia!"

Akalipokonya. Akachimba kwa mbali, akizunguka, akishuka chini taratibu, ardhi bado ina unyevu wa masika. Kisha akaliweka jembe kando, akapiga magoti, akatumia mikono. Kule chini akakuta mizizi ya mkangazi imeshaanza kushikana na ya mkorosho, myembamba kama nyuzi. Akaitenganisha kwa vidole, uzi kwa uzi, bila kuumiza upande wowote. Akaingiza kiroba chini ya donge la udongo, akauinua mkorosho kifuani, akavuka nao barabara.

Alipoutua nyuma ya jiko la Kunegunda ndipo alipogundua kilichotokea.

"Umeniteka," akasema akihema, "na mzigo nimejibebea mwenyewe."

"Wayao ndivyo mlivyo."

Shimo lilikuwa tayari limechimbwa, ubavuni mwa ukuta wa jiko la kuni. Mwanaheri akaugusa ukuta. Ulikuwa na joto.

"Baridi ya Juni hapa Songea si ya Nalasi," Kunegunda akasema, sauti imepoa. "Hapa moto hauzimiki, nachemsha togwa. Sikuona mahali pengine."

Mwanaheri akapangusa udongo viganjani. Akauliza, "Fidia yangu nini?"

"Kuku sitaki. Kila jioni ulete maji ya mkorosho wako. Na kabla hujavuka, ndoo iinamie kwanza mkangazi. Halafu nijibu hiki. Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mkeka. Asubuhi uko kwako, jioni uko kwangu, na hakuna aliyeubeba."

Mwanaheri akafikiri. "Moshi."

"Moshi unakaliwa?"

"Paka."

"Umeshindwa. Nipe mji!"

"Chukua Mbinga."

"Nimekwenda Mbinga, wamenipa kahawa, nimekunywa, nimerudi. Jibu nalificha, utalileta mwenyewe."

Siku zilizofuata majani ya mkorosho yalinywea, yakageuka rangi ya ngozi kavu, yakaanguka. Mwanaheri alikuja kila jioni na ndoo. Alimwagia mkangazi kwanza kwa kuwa ndiyo fidia, kisha akavuka, akaketi kwenye kigoda mbele ya kijiti chake kitupu. Kunegunda hakumwambia mti utapona, wala hakumwambia umekwisha. Alimpa togwa ya moto na kumtukania kabila lake, basi. Taratibu Mwanaheri akaanza kumsimulia habari za Daimu: alivyoimba vibaya, alivyoogopa vyura. Twaha alishangaa kusikia kicheko cha mama yake kikitoka ng'ambo. Hakuwa amekisikia tangu msiba wa baba yake.

Juni ikaingia na baridi yake. Jioni moja Mwanaheri alikuwa ameshaimwaga nusu ya ndoo kwa mkangazi, akainua macho. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya nyumba za upande wake, likipenya uchochoroni. Kivuli cha mkangazi, chembamba kama mkia wa panya, kilikuwa kimelala barabarani, kimevuka, kimefika hadi kwenye ngazi ya baraza la Kunegunda.

Akasimama akikitazama. Aliyekuwa akitaka kumng'oa ndiye huyu, na hata kabla hajanenepa ameshavuka kwenda kuamkia jirani.

"Mtani!" akaita. "Kivuli! Mkeka wako ni kivuli!"

"Umechelewa, Mbinga nimeshaila!" ikajibu sauti nyuma ya jiko. "Njoo huku, acha makelele. Njoo uone."

Sauti ile haikuwa ya utani. Mwanaheri akakimbia, maji yakimrukia miguuni. Kunegunda alikuwa amepiga magoti, ameinua kijinga cha moto kukimulika kijiti. Karibu na ncha, pale palipokuwa pakavu jana, palikuwa na kichipukizi, chekundu, kidogo kama kucha ya mtoto mchanga.

"Alhamdulillahi," Mwanaheri akanong'ona. Kunegunda akafanya ishara ya msalaba. Wakakaa hivyo, mabega yamegusana, mpaka togwa ikafurika jikoni na Kunegunda akainuka akilaani.

Aliporudi alikuwa ameshapata kingine. "Kitendawili!"

"Tega."

"Nimemteka mtu, na kila jioni anarudi mwenyewe gerezani na ndoo."

Mwanaheri akauma mdomo asicheke. "Huyo simjui."

"Umeshindwa basi! Nipe mji."

"Chukua Tunduru yote."

"Tunduru sitaki, vumbi tupu. Nipe Lizaboni."

"Lizaboni siitoi," Mwanaheri akasema, akiiinamisha ndoo taratibu juu ya mkorosho. "Nina miti miwili huku."