Mizizi ya Mita Tano

Ofisini walimwita Mvuke, na jina lenyewe alilipenda kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kuigiza ardhi ndani ya kompyuta: bonde hili limepokea jua kiasi gani, limetoa mvuke kiasi gani, mimea yake imevuta hewa ya ukaa kiasi gani. Bonde moja tu ndilo lililomtoa jasho. Picha za setilaiti zilionyesha kijani wakati wa kiangazi, kompyuta ikashikilia kwamba mahindi yamekauka. Mtu mwenye akili zake angepanda gari akatazame. Yeye, humo humo kompyutani, aliyapa mahindi mizizi ya mita tano, yajinywee maji chini kwa chini. Hesabu zikalingana na picha, naye akapandishwa cheo.

Haya. Kamati ya visima ikamwita aitie sahihi ripoti yake: bonde lile halina kiu, kisima kipelekwe kwingine. Na wakulima wa bonde wamemtuma nani kuwasemea? Mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe."

Mama akafungua mfuko, akalaza shina zima la mahindi juu ya ripoti, udongo na yote. Mizizi haikufika hata shibiri.

"Wamenisomea maandishi yako," akasema. "Hizo mita tano nimezichimba, sikuziona. Labda wewe unionyeshe."

"Na kile kijani cha kwenye picha?" akauliza mwenyekiti.

"Miiba hiyo. Hata mbuzi wameisusa."

Mvuke alitamani ardhi ipasuke immeze. Mficha uchi hazai, alilijua hilo, lakini kukiri ni kuaga cheo. Akakohoa kitaalamu.

"Shina moja halitoshi kuthibitisha kitu, mama."

"Mengine yamekufa, baba. Hili ndilo lililopona."

Mwenyekiti akamgeukia. "Mtaalamu, unasemaje?"

Aibu ilimshika, tusimsingizie. Ilimshika barabara, kisha ikamwachia.

"Basi tusivutane," akasema. "Tuandike mita nne."

Kamati ikamsifu kwa uungwana wake. Sahihi ikatiwa, kisima kikaenda kwingine.

Mama mkwe akakunja mfuko wake taratibu, akasimama. Shina hakuligusa.

"Hilo nakuachia, mkwe," akasema. "Ulimwagilie kwa kompyuta."