Mkwe, Nitukane

Bharti aliamua kuimba tena siku ileile alipoambiwa kwamba haifai. Waliomwambia ni wanawake wenzake wa hekalu la Kenton, huko ughaibuni, tena kwa ile sauti ya huruma ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa ikimfuata kila aendako. Mjane haongozi nyimbo za harusi, walimkumbusha. Si kwamba ana mkosi, hasha, ni desturi tu. Bharti aliwasikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake, akatoka nje na kumpigia simu Sunil wa televisheni kumwambia kwamba amekubali.

Sunil alikuwa mtayarishaji wa Triveni, kipindi cha muziki kilichopewa jina la mahali mito mitatu inapokutana kule India. Kwake yeye mito hiyo ilikuwa nyimbo za kijijini, muziki wa mabingwa waliokaa miguuni pa walimu wao tangu utotoni, na muziki wa vijana wa siku hizi. Kila wiki aliwatia ndani ya studio moja watu ambao kwa kawaida wasingepeana hata salamu. Safari hii alikuwa na mzee Zulfikar, bingwa wa sarangi, lile zeze linalolia kwa sauti ya mtu, na Anjali, binti wa midundo ya kompyuta. Mto wa kijijini ndio uliokosekana, na hapo mtu akamtajia fatana.

Fatana ni matusi ya harusini. Usikunje uso, ndugu msomaji. Ni matusi yenye adabu zake. Wanawake wa upande wa bibi harusi huwaimbia wa upande wa pili kwamba ni walafi, ni wachoyo, na sura zao zinatisha watoto. Wa upande wa pili nao hujibu palepale, kwa makali zaidi. Anayenuna ameshindwa. Waliolelewa kwenye mipasho ya taarabu hawahitaji kufundishwa, ila tofauti iko hapa: kwenye fatana unatukanwa na mtu ambaye kesho yake ni ndugu yako, na anakutukana kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo fatana haiimbwi na mtu mmoja, na Kenton nzima ilijua mshindani wa Bharti ni nani. Ni Varsha wa Harrow, mkwe wake, mama yake Vijay aliyemwoa binti wa Bharti. Siku ya harusi ile wanawake hawa wawili walichuana mpaka chakula kikapoa. Bharti ni mzaliwa wa Tanga na Varsha wa Mwanza, kwa hiyo Kigujarati kilipowaishia waliingia Kiswahili, wakaendelea kuchapana. Varsha alimwimba Harish, mume wa Bharti: piko la nywele zake, kitambi chake, kukoroma kwake, na uchungu wake wa bili ya umeme. Kila ubeti ulipoisha, Harish alisimama na kuinama mbele ya watu kwa furaha.

Kisha Harish akafa, moyo ulisimama ghafla, na Varsha akageuka mtu mwingine. Akawa wa kubisha hodi na bakuli la dengu, wa kusema pole, wa kushusha sauti. Jina la Harish hakulitamka tena. Wala si yeye peke yake; watu wote walimzunguka Bharti kwa adabu mpaka akakosa hewa. Ukweli ni kwamba Bharti alikuwa akitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kutukanwa na Varsha kama zamani. Triveni ilimpa njia, na hakukusudia kuiacha.

Akapanda basi la 183 hadi Harrow.

"Mkwe, tumekuwa bibi sasa," Varsha alisema, akimsogezea sahani ya vitafunio vya chevdo. "Tukatukanane kwenye TV? Watoto watasema nini?"

"Watasema nini, na wao hata kutukana hawajui? Harusi zao DJ ndiye anayeongea."

"Na hiyo hali yako, Bharti."

"Hali yangu naijua mimi. Jumamosi asubuhi Sunil anatuma taxi. Utakuja, au nitafute mwingine?"

Varsha alikuja. Hakuna mkwe anayependa kusikia kwamba mwingine anaweza kukaa mahali pake.

Studio ilikuwa Park Royal, katikati ya maghala. Bharti alivaa sari ya kijani kibichi, rangi isiyovaliwa na mjane, iliyokaa kabatini tangu msiba, na waliomtazama mara mbili aliwatazama mara tatu. Zulfikar alifungua kwa sarangi, polepole, akipanda ngazi za raga, tuni ya kale ya asubuhi. Anjali akatia midundo chini yake. Bharti hakungoja kubembelezwa:

*Mkwe kapika chapati, mbwa wa Harrow kakimbia,*
*Jirani kaziokota, sakafu katandikia.*

Wanamuziki walicheka, hata wasioelewa, maana ubaya wa wimbo ulionekana usoni mwa mwimbaji. Ikafika zamu ya Varsha. Varsha akakohoa kidogo, akaimba:

*Mkwe wangu mtulivu, moyo wako wa asali,*
*Mwanao umemlea, kwetu ni tunu ya ghali.*

Midundo ikaendelea peke yake, haina la kufanya. Walirudia. Bharti alizidisha makali, akauimba udereva wa Varsha na jinsi anavyoegesha gari juu ya maua ya watu. Varsha akamjibu kwa kuisifu sari yake. Mzee Zulfikar alijikuna sikio kwa upinde.

Sunil alitoka kwenye chumba cha vioo, kijana mstaarabu, vipokea sauti vikining'inia shingoni. "Aunti, ni nzuri sana," alisema kwa Kigujarati chake cha kuungaunga, "lakini upande mmoja moto, mwingine maji. Tutajaribu mara moja tu ya mwisho. Ikishindikana, nina wimbo wa kubembelezea mtoto, mtauimba pamoja na Anjali. Utapendeza."

"Mwanangu, sikutoka Kenton kuja kumbembeleza mtu," Bharti alimjibu. "Tupe nafasi tunywe chai."

Alimshika Varsha mkono, akamtoa ukumbini hadi kwenye mashine ya chai, akamgeukia kwa Kiswahili ili Sunil asiwaelewe.

"Unaniimbia kama maiti."

"Usiseme hivyo, mkwe."

"Nasema. Nimekuja kutukanwa, wewe unanipa pole kwa muziki."

Varsha alikizungusha kikombe chake cha karatasi, macho chini. "Nikutukane nini, Bharti? Wewe sijawahi kukutukana. Zikumbuke nyimbo zangu zote, moja moja. Zote zilikuwa za Harish."

Akajiziba mdomo, kwa kuwa jina lilikwisha kutoka.

Bharti alizikumbuka. Ilikuwa kweli, na ilimchoma. Miaka yote hiyo alijiona ndiye bingwa anayeviziwa, kumbe kazi yake ilikuwa kumtetea mumewe. Sasa mtetewa hayupo, na mshambuliaji amekosa pa kulenga. Mtu mwingine angeishia hapo, akaenda kuimba wimbo wa mtoto. Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na Bharti hakuwa amevaa kijani ili arudi mkavu.

"Basi mtukane yeye," alisema.

"Marehemu hatukanwi."

"Nani kakwambia? Nyumbani kwangu hakuna anayemtaja. Binti yangu akiteleza akasema 'Dad', ananitazama kama amevunja sahani. Mnamzika kila siku, mkwe. Alipokuwa hai ulimtukana akafurahi. Leo amekukosea nini hata umnyime?"

"Nikikuumiza je?"

"Utaniumiza. Ndiyo kazi yenyewe."

Walirudi wakasimama kila mmoja mbele ya maikrofoni yake. Sarangi ikapanda, midundo ikaingia, Bharti akautupa ubeti wa chapati kwa nguvu zote. Varsha alifumba macho. Zamu yake ikaja, ikapita. Anjali alimtazama Sunil nyuma ya kioo. Mzee Zulfikar hakumtazama mtu. Aliuzungusha tena mwito wa sarangi, taratibu, kumngojea mama wa watu. Ndipo Varsha akafumbua macho na sauti yake ya zamani ikatoka, ile ya kifuani, isiyo na huruma, tena kwa Kiswahili:

*Harish kafika peponi, kazima hita na taa,*
*Miungu ikilalama, "Bili kubwa," akataa.*

Upinde wa Zulfikar uliteleza. Mzee alikulia Mombasa, na kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Sunil hakuelewa neno, akabaki kuwatazama mmoja baada ya mwingine.

Kwa miaka mitatu Harish alikuwa picha ukutani iliyovishwa shada la maua, mtu mwema asiye na kasoro, ambaye Bharti hakumfahamu. Sasa alikuwa amesimama mlangoni amevaa sweta lake, kidole kwenye swichi, mbishi, akibishana na miungu kuhusu bili. Huyo ndiye mume wake. Machozi yalimtiririka mbele ya kamera zote na hakuyaficha. Sunil aliinua mkono kusimamisha kazi. Bharti akamkatalia kwa kichwa, akaishika midundo mahali ilipofika, akajibu huku akilia:

*Kazima kwa makusudi, mkwe wangu nakwambia,*
*Chapati zako kanusa, gizani kajifichia.*

Varsha alicheka mpaka akashika ubavu. Sarangi ilikuwa haijamaliza mzunguko na yeye alikwisha kuvuta pumzi.

"Bado sijamaliza na huyo mumeo," alisema.

Bharti alijifuta macho kwa ncha ya sari, akasogea karibu zaidi na maikrofoni, akamngoja.