Chatu Mweupe Asiye na Macho

...na bado kinamtambalia kiganjani, kitoto cha chatu cheupe pee, kizuri kuwapita ndugu zake wote, ila pale pa macho hapana kitu, magamba matupu, na mumewe anaita kutoka sebuleni kwamba yule mwalimu, mteja wao, ameshafika getini, kitie kwenye friza kife upesi, unangoja nini tangu wiki jana, nini kweli, ameshatia wangapi humo bila hata kushtuka, wenye uti uliopinda, yule wa vichwa viwili, ila hiki jana kilimshangaza, alipoleta panya kilikuwa cha kwanza kunyakua, wenye macho yao wanakodoa tu, chenyewe ulimi nje ndani, nje ndani, kikafuata harufu, kap, akacheka peke yake... "Mke wangu, unanisikia?" Nakusikia, anajibu, wala hasikii, anamfikiria mwalimu, mtu mpole, anataka dume na jike wa uzao huu akawapandishe mwenyewe, kaka na dada, kwani yeye mwenyewe mfugaji alipataje weupe huu kama si kumpandisha mama na mwanawe, kisha wajukuu wao kwa wao, damu ikizunguka palepale, kila uzao weupe zaidi na kila uzao mmoja hana macho, na kila mara friza, na kila mara mteja anaambiwa wote wazima, na hao wazima wamebeba kasoro ileile ndani kwa ndani, atakuja kupasua yai mwalimu wa watu, akute kisicho na macho, adhani kosa ni la joto lake la kuatamishia, la mikono yake, kama alivyodhani yeye mwaka ule wa kwanza, akalia, akajilaumu, kumbe aliyemuuzia alikuwa anajua, mwanaharamu yule, na alimtabasamia... uchungu ule haujamtoka hata leo, na leo anayetabasamu ni nani? "Akikiona si atajua?" mume amefika mlangoni, ananong'ona, jasho linamtoka. "Atajua." "Basi tumemkosa!" Tumemkosa, ndiyo, na wengine atakaowasimulia, jina lote hili la chatu weupe litakwenda na maji, anaogopa, anaogopa haswa, na kitoto kinajizungusha kidoleni taratibu kikitafuta joto, "Hodi humu ndani," mwalimu huyo anavua viatu, karibu mwalimu, anasema, pita huku kwanza, kuna ndugu yao mmoja hujamwona.