Pole ya Kahindo

Kila kitu kiliharibika siku ya ine, tarehe 13 mwezi wa tatu 2025, ndani ya beseni ya sabuni. Nilikua nafua shati yangu nyeupe, ile ya kuvaa Beni siku ya posho, tarehe 15, kwa kumaliza matanga ya bibi yangu wa ndoa, Kahindo. Nikasugua mufuko ya kifua, mukono ikasikia kitu kigumu. Karte yake ya uchaguzi. Jina ilikua pale, namba ilikua pale. Uso, hapana.

Na foto yake ingine hatukua nayo. Mudogo wake Katungu alikua anangojea niilete ile karte kule Beni, wakuze foto, waiweke kwenye meza ya maua.

Nilianza kutukana wakubwa. Wanajua kutupanga mustari kutwa mu jua, lakini wino yao inaogopa maji kama mbuzi. Dawa ilikosa ku hospitali, ni wao. Barabara ya mashimo, ni wao. Melchior, jirani yangu hapa Bulengera, akachungulia juu ya ukuta ya lupango.

"Baba Muyisa, nani alitia karte mu maji?"

"Na weye umekua serikali?"

Alicheka, akaenda. Basi nikabakia na mwenye kosa. Karte niliiweka pale mimi mwenyewe, siku ya Mungu, ili mu misa nisikie Kahindo karibu na kifua. Halafu nikasahau. Mupumbavu. Muzee muzima, kuangalia mufuko tu ikakushinda. Siku mbili nilijiita vile, mpaka chakula ikakataa kupita.

Siku ya posho nikapanda pikipiki ya Issaka, kijana mwenye kubebaka watu, kwenda Beni. Ku barière ya njiani, askari akaomba karte. Kwa haraka nikamupatia ile ya Kahindo.

"Papa, jina iko, mutu hapana. Na uko mwanamuke?"

Watu wakacheka. Nikatoa yangu, yenye imeandikwa Josaphat. Tena kosa! Issaka akaniambia pole. Nikamuambia aendeshe.

Kwa Katungu, meza ilikua tayari: kitambaa nyeupe, maua, kadre ya vioo ya kutia foto, bila kitu ndani. Nikamupa karte.

"Shemeki, nimefua dada yako. Nimemufuta."

Akaigeuza mbele na nyuma. Machozi ikashuka, halafu akasema pole.

"Usinipe pole. Nitukane."

"Ju ya nini, na naona umeshajitukana ya kutosha? Shemeki, umesahau dada alifanyaka nini maharagi ikiungua?"

Sikusahau. Aliwekaka mukono ku kifua, anasema, "Pole, Kahindo," anakwangula sufuria, anapika tena. Akijikwaa ku mulango: "Pole, Kahindo." Ilinikasirishaka. Siku moja nikamwambia: pole inatoka kwa mwingine, mwenye kujipa ni mwendawazimu. Akasema: "Na kama weye haunipatie, nilale bila pole?"

Nilifikiri ananichokoza tu. Nikamuambia alete maharagi.

Katungu akatia ile karte mu kadre, vile iko, jina bila uso. Watu waliingia, wakaangalia, na kila mutu akaanza kusema Kahindo alikua namna gani: pengo ya meno, kicheko ya kukohoa. Hakuna aliyeniuliza nani alimufuta.

Nikatoka nyuma ya nyumba, mahali ya kuni. Nikaangalia kama hakuna mutu. Nikaweka mukono ku mufuko ya shati, ile ile.

"Pole, Josaphat."

Sauti ilitoka ndogo, kama ya mutu anabisha hodi kwake mwenyewe. Lakini ilitoka. Ile siku nilikula sahani nzima.

Kisha nikamurudilia Katungu, anapanguza meza. Nikamuuliza kitu moja: zile pole zote Kahindo alijipatia, miaka makumi tatu na moja ya ndoa yetu, ngapi zilikua zangu za kumupa?