Majogoo wa Karatasi

Rafu zenyewe zilikuwa mbao tatu tu, ambazo Walenty alizitoa kwenye banda la nguruwe lililovunjwa, akazipiga randa upande mmoja na kuzigongomea ukutani mwaka aliooa. Nusu ya misumari ilipinda. Lakini katika miaka sita ya ndoa hakuna mgeni aliyewahi kuziona mbao zile. Kila Pasaka ilipokaribia, mkewe Apolonia alikunja karatasi nyekundu, akaikata kwa mkasi wa kunyolea kondoo, akaining'iniza kwenye ukingo wa kila ubao kama lesi: majogoo wawili wawili, kila mmoja amegeuza kichwa kutazama mkia wake. Jicho la mgeni lilitua kwa majogoo na kuishia hapo.

Apolonia alikufa mwezi wa Novemba. Kwa desturi ya kijiji, mtu akifa ndani ya nyumba, karatasi huondolewa. Walenty aliziondoa kwa mikono yake, akazilaza ndani ya sanduku la nguo, na tangu siku hiyo mbao zikabaki uchi.

Mwezi wa Februari alikuja mama mkwe wake, Rozalia. Chai hakuigusa. Alizitazama rafu, kisha akasema nyumba yenye rafu tupu haina mwanamke, na nyumba isiyo na mwanamke si mahali pa kulelea mtoto wa kike. Angerudi Alhamisi ya kabla ya Pasaka kumchukua mjukuu wake, Weronka. Padri alikwisha kukubali. Weronka alikuwa na miaka mitatu, na asubuhi nyingi ni yeye peke yake aliyemfanya baba yake ainuke kitandani.

Wiki ya Alhamisi hiyo ilipofika, Walenty alipaka kuta chokaa, akasugua sakafu kwa mchanga, akafua nguo zote za mtoto. Rafu zikabaki zinamkodolea macho. Akaenda kwa jirani yake Pelagia, mjane aliyejua kukata karatasi kuliko wote kijijini, akamwomba amkatie.

Pelagia aliegemea ua akacheka. “Nikukatie karatasi za rafu, jirani? Kabla jua halijazama watasema napima mlango wako kama kitanda changu kitapita.” Kisha akaacha kucheka. Akampa karatasi kadhaa nyekundu, akamwambia aende upesi, watu wasije wakamhesabia hatua.

Walenty alikaa mezani na mkasi. Mikono yake ilizoea jembe na mpini wa shoka. Karatasi ya kwanza aliikunja na kuikata, na alipoikunjua ikaachana vipande viwili, kila jogoo akashika njia yake. Ya pili vivyo hivyo. Hakujua kosa liko wapi. Miaka sita alimtazama mkewe akikata, lakini alikuwa akitazama shingo yake na nywele zilizomwangukia usoni. Mikono hakuiangalia.

Ndipo akafungua sanduku, akatoa zile za Apolonia ili azinakili. Akazilaza juu ya karatasi mpya, akaanza kufuata ukingo kwa kipande cha mkaa. Moshi wa jikoni, tangu Pasaka hadi Novemba, ulikuwa umezikausha. Zikapasuka chini ya kiganja chake, kwanza mkia, kisha shingo, kisha zote. Alitoa mkono upesi, lakini hapakuwa tena na cha kuokoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya mikono ya Apolonia.

Mfa maji haachi kutapatapa. Kwa kuwa zilikwisha kupasuka, aliviokota vile vipande, akavifuata kuchora jogoo mmoja mmoja, akakata mmoja mmoja, na kuwabandika kwa gundi ya unga juu ya vipande vya gazeti. Majogoo thelathini na sita. Alimaliza Jumatano alasiri, akawaning'iniza kwenye rafu, akarudi nyuma hadi mlangoni kutazama. Kutoka pale hawakuwa wabaya.

Alhamisi Rozalia alifika na mkokoteni wa farasi, ndani yake blanketi la kumfunika mtoto. Weronka alikuwa uani na kuku. Bibi aliingia, akaziona rafu, akasimama. Jogoo yule wa kutazama nyuma alitoka kwa mama yake mwenyewe. Kijiji kizima walimkata wawili tu, yeye na Apolonia.

“Ni nani huyo?” aliuliza.

“Nani, mama?”

“Usiniite mama. Miezi mitano, Walenty. Udongo wa mwanangu haujatulia, na wewe umeshaleta mwanamke wa kuuiga mkono wake.”

Walenty alisema hakuna mwanamke, amekata mwenyewe. Rozalia akamjibu kwamba hajapata kuona mwanamume aliyekata karatasi za rafu, labda zimejikata zenyewe. Mara ya kwanza alitaka kumchukua mtoto kwa sababu nyumba haina mwanamke. Sasa atamchukua kwa sababu inaye.

Walenty alihisi maji yamemfika shingoni. Mlango wa mwisho ameufunga kwa mikono yake. Aling'oa karatasi ya rafu ya juu, akamwekea Rozalia mikononi, mgongo wake ukiwa juu.

Rozalia akaona gazeti, madonge ya gundi, alama za mkaa, majogoo wawili wasio na mguu. Aliigeuza, akaigeuza tena.

“Umewabandika mmoja mmoja kwa kuwa ulikata kwenye kunjo,” alisema polepole. “Kunjo haliguswi. Ukiligusa lazima waachane. Mwanamke wa kufanya hivi angechekwa mpaka kaburini.” Kisha akaona mezani sahani yenye vipande vilivyopauka. “Na hivi?”

“Vya Apolonia. Nilitaka kunakili. Nimeviharibu, mama.”

Rozalia alikaa. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kuvitia humo kimoja kimoja, kwa ncha za vidole.

“Chukua ng'ombe,” Walenty alisema. “Chukua shamba la viazi. Weronka niachie. Sijui kukata, sijui kusuka nywele, nitajifunza. Ukimchukua sina pa kurudi.”

“Ng'ombe wako nimpeleke wapi, na miguu yangu hii?” Alikifunga kitambaa fundo. “Namwacha mpaka mavuno. Nikija nitamwangalia mtoto. Rafu sitaziangalia.”

Alitoka, akambusu Weronka, akapanda mkokoteni akiwa amekikumbatia kitambaa kifuani. Walenty hakujua kama amesamehewa au ameongezewa siku tu. Alitoka akakaa chini uani. Mtoto akamuuliza bibi amebeba nini.

“Vitu vya mama yako,” alisema.

Weronka akaridhika, akarudi kwa kuku.